Damu ya Mtu Mzima

Mchungaji, wazee wa kanisa, wafiwa wenzetu, majirani, walimu na wanafunzi mliokuja na makoti yenu meupe, poleni sana, na aliyepata kiti akae, maana familia imenituma mimi, shemeji wa marehemu, kaka wa mumewe, niwasomee maisha ya huyu aliyelala hapa mbele yetu, na usomaji wangu siku zote ni wa polepole, na tangu Ijumaa umekuwa wa polepole zaidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979, katika nyumba za watumishi nyuma ya zahanati, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba aliyekuwa mlinzi wa zahanati hiyo na mama aliyekuwa mkunga, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba siku ile asubuhi alizalisha wanawake wawili, mchana akazalishwa yeye, na jioni mumewe alipomuuliza siku ilikuwaje, akajibu, "Ya kawaida." Wazazi wote wawili wametangulia mbele za haki, na katika nyumba ile sasa amebaki dada mkubwa peke yake, ambaye tunaye hapa, amekaa upande wangu wa kushoto.

Alianza shule ya msingi mwaka 1987, shule iliyokuwa ng'ambo ya barabara kutoka zahanati, akamaliza mwaka 1993, na mwaka 1994 akajiunga na sekondari ya wasichana ya bweni, ambako alikaa hadi mwaka 1997. Ni huko sekondari alikoinamia hadubini kwa mara ya kwanza, akaonyeshwa ngozi nyembamba ya kitunguu, na likizo ilipofika alirudi nyumbani hana habari nyingine, akimfuata dada yake jikoni na kumwambia, "Dada, kitunguu kina vyumba," na dada yake, aliyekuwa na machozi ya kitunguu hicho hicho, akamjibu, "Basi kawadai wapangaji kodi." Tangu hapo hakutaka kazi nyingine.

Mwaka 1998 alianza masomo ya cheti cha maabara, akayamaliza mwaka 2000, na mwezi Januari 2001 akaajiriwa katika maabara ya hospitali ya mji, na baadaye, kati ya mwaka 2006 na 2008, akaongeza stashahada. Wengi wenu mnamfahamu kwa sauti na mikono, kwa sababu kati yenu na yeye palikuwa na kidirisha kidogo cha kioo chenye tundu chini, mnapitisha kikopo, yeye anapokea, anawaambia mkae kwenye benchi, na hakuwahi hata siku moja kutangaza ugonjwa wa mtu kupitia tundu lile, bali alikuwa akitoka nje, anamwinamia mgonjwa sikioni, anarudi ndani. Nyuma ya kidirisha kulikuwa na sinki, hadubini karibu na dirisha kubwa, na kiti kirefu ambacho mto wake ulichanika akaushona yeye mwenyewe kwa uzi wa kushonea vidonda. Katika maabara ile utaratibu ulikuwa kwamba mwenye stashahada anapima, na mwenye shahada ndiye anayetia sahihi, kwa hiyo kwa miaka yote ile marehemu alipima, akaandika, akapeleka meza ya pili, na jibu likatoka na sahihi ya mtu mwingine. Hakulalamika, ila aliliona, na nyumbani alilisema.

Marehemu alifunga ndoa takatifu tarehe 29 Novemba 2003 na mdogo wangu, fundi wa kuchomelea milango na madirisha, na jinsi walivyokutana wengi mmesikia, lakini mumewe ameomba isomwe. Fundi alikwenda maabara na homa, akatobolewa kidole, na yeye anayeshika moto kutwa nzima alipoona tone la damu yake mwenyewe akaanguka chini kama gunia, na alipofumbua macho akaona msichana amemwinamia na pamba mkononi, akimwambia, "Kaka, wenzio huja kuniangukia na barua, wewe umeniangukia mzima mzima." Walibarikiwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2005, ambaye yuko chuo cha ualimu, na mwana aliyezaliwa tarehe 21 Februari 2010, ambaye yuko sekondari.

Mwezi Oktoba 2021, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili, marehemu alianza masomo ya shahada ya kwanza ya sayansi ya maabara za tiba, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu sehemu hii ni ndefu, na ndiyo familia imekaa nayo zaidi. Alipomwambia mumewe kwamba amepata nafasi, mumewe alizima mashine, akavua miwani ya moto, akamuuliza, "Utakaa darasa moja na watoto?" naye akasema, "Nitakaa mbele, wasinione nikisinzia." Na kweli alikaa mbele, akiwa na umri sawa na mama wa wengi wa wale aliosoma nao, akiwakopesha kalamu, akiwakemea wakija bila kunywa chai, nao wakampenda kwa namna ya vijana, yaani kwa kumtania.

Katika mwaka huo wa kwanza walifundishwa kipimo cha kuona damu inachukua muda gani kuganda. Mimi si mtu wa maabara, naeleza kama nilivyoelezwa, kwamba damu ikitulia hubaki maji ya njano juu, wanayachukua hayo, wanayatia dawa ya kupimia ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, wanahesabu sekunde, na ili wajue kama damu ya mgonjwa inachelewa, lazima wawe na damu ya mtu asiyeumwa ya kulinganishia, kama vile fundi asivyoweza kusema fremu imepinda bila kuwa na rula iliyonyooka. Siku ya kwanza ya kipimo hicho mwalimu wao aliwauliza, "Nani hapa ni mzima, nimtoe damu?" na kijana mmoja wa nyuma, mchezaji mpira ambaye wenzake humwita Winga, akapaza sauti, "Mtu mzima si yule pale mbele, mwalimu!" Darasa likacheka, mwalimu akacheka, na marehemu naye akacheka, akakunja mkono wa gauni, akasema, "Haya toeni, ila mniachie ya kurudia nyumbani."

Ndivyo lilivyoingia neno moja mahali pa neno jingine. Aliyetakiwa alikuwa mzima wa afya, aliyetajwa alikuwa mtu mzima wa miaka, na kwa kuwa wote walikuwa wanacheka, hakuna aliyerudi nyuma kuuliza swali lenyewe. Mwalimu ametuambia kwa kinywa chake kwamba kabla ya kutumia damu ya mtu kuwa ya kulinganishia ilipasa ipimwe kwanza, na kwamba hakuipima, na ameomba jambo hilo lisomwe leo mbele yenu bila kufichwa, nasi tumelisoma. Marehemu naye, aliyepima damu za mji huu kwa miaka ishirini, hakuwahi kujipima, kwa maana kinyozi hajinyoi. Tangu siku hiyo jina lake pale chuoni likawa Mtu Mzima, na kila walipofanya kipimo kile alikunja mkono wa gauni.

Mwaka wa kwanza damu yake iliganda kwa muda ule ule ulioandikwa kwenye boksi la dawa. Mwaka wa pili ikaanza kuchelewa kidogo, wakasema dawa imezeeka, wakafungua chupa mpya, ikachelewa tena, wakasema maji ya beseni yamepoa, wakabadilisha kipimajoto, ikachelewa tena, wakasema vijana wana mikono mizito, wakarudia, mpaka mwalimu akawaambia waandike kwamba kwa boksi lile muda wa Mtu Mzima ndio muda wa kawaida, na damu nyingine zote zilinganishwe na yake. Rula ilikuwa imepinda, nao wakawa wanakunja fremu ziifuate.

Mwanzoni mwa Machi 2023 mwana alishikwa na homa, marehemu akabaki nyumbani, na siku hiyo Winga ndiye aliyetoa mkono, akiwa amefumba macho, na damu yake ikaganda mapema, kama boksi linavyosema, naye akatamba darasa zima, "Damu ya mchezaji hiyo, ina mbio!" Wiki iliyofuata, tarehe 9 Machi, marehemu alirudi, wakatumia damu yake, ikachelewa, na Winga akamwambia, "Mtu Mzima, damu yako imestaafu." Wote walicheka isipokuwa yeye. Aliichukua chupa ya dawa, akaisoma pande zote, akairudisha mahali pake, akaosha vyombo vyake, akasubiri vijana watoke, kisha akamwendea mwalimu mezani na kumwambia, "Mwalimu, dawa ni nzima. Mbovu ni mimi." Mwalimu akasema, "Usiseme hivyo, turudie," wakarudia wawili wao, hakuna aliyetania, na walipomaliza mwalimu alimvutia kiti.

Alifika nyumbani akamkuta mumewe anasaga bawaba uani, akamwambia, "Damu yangu inachelewa." Mumewe akamuuliza, "Inachelewa kwenda wapi?" Akasema, "Kuganda." Mumewe akafikiri, akasema, "Si bora ichelewe? Ikiganda si ndiyo mtu anakufa?" Marehemu alicheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti, na akiwa amekaa pale pale akamweleza habari za ini, kwamba ini ndilo linalotengeneza vile vitu vya kugandisha damu, na likianza kushindwa, hayo ndiyo yanayoonekana. Mdogo wangu anasema alisikia maneno yote na hakuna lililoingia, akaendelea kusaga ile bawaba mpaka ikawa nyembamba haifai tena.

Daktari alithibitisha kwamba ni maradhi ya ini yaliyokuwa mwilini kwa miaka mingi bila maumivu, kwamba ini limeshakuwa gumu, na kwamba dawa zipo za kulizuia lisiharibike haraka, si za kulirudisha. Mume na watoto walipimwa, na kwa neema ya Mungu wakaonekana salama, wakachanjwa. Yeye mwenyewe aliambiwa apunguze kazi, apumzike, na hapo ndipo familia iligawanyika, sisemi kwa ugomvi, nasema kwa mapenzi. Dada mkubwa alitaka aache masomo, akamwambia, "Mdogo wangu, cheti hakizikwi na mtu, kaa nyumbani tukutunze," naye akamjibu, "Dada, niacheni nitie sahihi yangu japo mara moja, hata kama ni kwenye jibu la minyoo." Dada alicheka kwa hasira, akaenda kumfulia sare zake.

Hilo ndilo alilolitaka, ndugu zangu, hakutaka kingine, na miezi iliyobaki yote aliitumia kulifuata. Alibadilisha mada ya utafiti wake wa mwisho, akaamua kuandika kuhusu damu ya kulinganishia, kwamba chuo kisitegemee mtu mmoja, bali kichanganye damu za watu wengi waliopimwa kwanza, ili mmoja wao akianza kuumwa, wengine wazuie kipimo kisipinde. Mwalimu yule yule ndiye aliyekuwa msimamizi wake, na aliposoma mada akamuuliza, "Kwa hiyo unaniandika mimi?" naye akasema, "Najiandika mimi, mwalimu. Wewe utakuwa kwenye shukrani." Alikusanya, akapima, akaandika, siku nyingine miguu ikiwa imevimba haiingii kiatuni, akivaa kandambili na koti jeupe, na vijana walimbebea masanduku yake ya vichupa bila kuambiwa.

Tarehe 18 Juni 2024 alitetea utafiti wake mbele ya walimu, akiwa amekaa, juu ya mto ambao mumewe aliubeba kutoka nyumbani na kuuweka kitini kabla ya kutoka kusubiri nje kwenye korido. Aliulizwa maswali, akayajibu, wakampitisha, kwa sharti kwamba afanye masahihisho ya sura ya nne, ile ya namba, ndipo shahada itolewe. Alitoka nje akamwambia mumewe, "Wamekubali, imebaki sura moja," na mumewe akauliza, "Nzito?" akasema, "Ya kawaida."

Mwezi Julai alilazwa katika hospitali aliyoifanyia kazi, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Binti yake alikuwa akimsomea sura ya nne kwa sauti, yeye akisikiliza na macho amefumba, akisema, hapo futa, hapo weka hivi, hapo acha, na walifika karibu na nusu. Lakini ugonjwa huu ukizidi hufikia akili, na kuna asubuhi alianza kusema namba ambazo hazikuwa zake, binti akabaki ameshika kalamu asijue aandike au asiandike, na marehemu akafumbua macho, akamtazama, akasema, "Funga, mwanangu. Leo sina akili ya namba, nitaharibu." Binti akafunga. Hakuagiza tena ifunguliwe.

Marehemu alifariki dunia siku ya Ijumaa, tarehe 2 Agosti 2024, alasiri, wakati mumewe amekwenda kumchotea maji ya kunywa, na aliporudi muuguzi alimpokea kikombe mlangoni, akakishika yeye, na mdogo wangu akajua. Mungu ndiye aliyempa uhai na ndiye aliyejua mwisho wake, sisi hatujaambiwa sababu, na wala sitawadanganya kwamba tumeielewa. Jumamosi mumewe alikwenda karakana kama kawaida, akapima tundu la dirisha ukutani, akalipima tena, akaandika kipimo kwa chaki, na hakuna mtu aliyekuwa ameagiza dirisha.

Siku ya Jumapili, baada ya ibada, tulikaa kikao cha familia kupanga historia hii, na mwalimu wake alikuja, akakaa nasi, akasema kwa upole kwamba masahihisho yaliyobaki ni machache, kwamba wanafunzi wenzake wanaijua kazi ile na wako tayari kuimalizia, yeye ataipitisha, na mwezi wa kumi na moja jina lake litasomwa pamoja na wahitimu wengine. Dada mkubwa akainua mikono, akashukuru, akaniambia, "Basi andika alihitimu, tumalize." Wote tukamgeukia mume. Akasema, "Alisema funga." Dada akamwambia, "Shemeji, mtu keshakufa, bado mnataka kumsahihisha?" naye akasema, polepole, akitazama mikono yake, "Nyinyi ndio mnaotaka kumsahihisha. Mimi mlango ambao haujaisha siutundiki, hata mwenye nyumba akilia. Sura ile ikitiwa mkono wa mtu mwingine, itatoka tena na sahihi isiyo yake, kama zile nyingine zote. Msomeni mpaka alipofika." Hapo dada mkubwa alilia, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, alilia sana, tukamwacha, na alipomaliza akafuta uso, akaniambia, "Basi msome vizuri, usimeze maneno." Mwalimu alisimama, akainamisha kichwa, akasema amesikia, na akatujulisha kwamba chuo sasa kinachanganya damu za watu wengi, zilizopimwa kwanza, kama marehemu alivyoandika katika zile sura alizozimaliza.

Kwa hiyo namsoma mpaka alipofika. Alisomea shahada ya kwanza ya sayansi ya maabara za tiba, kuanzia Oktoba 2021 hadi alipolazwa Julai 2024, akapitishwa katika utetezi wa utafiti wake, hakuimaliza sura ya nne, hakupata shahada, na hakuna jibu lililowahi kutoka na sahihi yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, waliomhudumia kama mwenzao kwa sababu alikuwa mwenzao, watumishi wa maabara waliochukua zamu zake bila kununa, majirani mliofungua nyumba zenu wageni wetu wakalala, mliochota maji, mlioleta viti na ambao hadi sasa hamjavidai, Mchungaji na kwaya kwa maombi yenu ya kila jioni, mwalimu wake, kwa kuja na kwa kusema kweli, na vijana wa darasa lake, pamoja na Winga, ambao wameomba kulibeba jeneza na tumewaruhusu. Kama tumemsahau mtu, ni kwa uchovu, si kwa dharau.

Shemeji yangu, tumekusoma bila kukuongezea. Pumzika kwa amani, mke wa fundi, mama wa wawili, mwanafunzi wa mwaka wa tatu.